Bega Limefungwa

Watu hudhani kutabiri theluji ni kazi ya kutazama mawingu. Thubutu! Ni kazi ya kuchimba mashimo. Asubuhi ile nilikuwa ndani ya shimo linalonifika kifuani, katikati ya mteremko tunaouita Bega, koleo mkononi, kamasi zimenigandia puani, namsikiliza Ombeni akilalamika pale juu kwamba chai ya chupa imepoa.

"Dada Aika, Mpiga Ramli ameshasema kijani," alisema. "Tunachimba nini tena?"

"Tunachimba kwa sababu Mpiga Ramli hana mikono."

Mpiga Ramli ndilo jina tulilolipa mtambo wa utabiri wa Kituo. Una jina lake refu la heshima, lakini hakuna mfanyakazi anayelitumia. Ombeni ni mkuu wa doria, yaani yeye ndiye anayewaokota wageni wanaovunjika miguu. Mimi, Aikande Mlay, ni mtabiri mkuu. Nikikosea watu wanakufa, nikipatia hakuna anayejua kama nipo.

Nilikata nguzo ya theluji kwenye ukuta wa shimo, upana wa koleo, nikalilaza koleo juu yake. Kipimo chenyewe ni cha zamani kuliko mitambo yote. Unapiga koleo kwa vidole, ukitumia kifundo cha mkono tu. Isipovunjika, unapiga ukitumia mkono mpaka kiwiko. Bado haijavunjika, unapiga kwa mkono mzima. Theluji nzuri inavumilia mpaka mwisho. Hii ilivunjika nilipoigusa mara ya kwanza kwa vidole. Tabaka lote la juu liliteleza likaniangukia magotini, zima zima, kama sinia.

Nikachota iliyokuwa chini yake. Punje tupu, kavu, zinang'aa, hazishikani hata ukizifinya. Ombeni akainama, akaziona, akaacha habari za chai.

"Sukari," alisema.

"Sukari. Bega zima."

Niseme jambo hapa, maana msomaji wa bondeni anaweza kufikiri theluji ya Kibo inateremka kwa hiari yake. Barafu ya kale iliisha bibi yangu akiwa msichana. Hii ya sasa inaletwa na minara ya mvuto, ile milingoti inayozunguka kilele ikivuma mchana kutwa. Inatia umeme katika mawingu yanayopanda kutoka msituni, inayanyanyua mpaka yanaganda, yanaangukia kwetu. Kwa hiyo utabiri wetu si utabiri, ni oda. Kila jioni naandika theluji ya kesho, na minara inatekeleza. Nikiandika sentimita ishirini, zinakuja ishirini. Anayeweza kubadili nilichoandika ni Mkurugenzi peke yake, kwa kuweka kiganja kwenye kibao cha kioo kilichopo mezani kwangu. Wageni wanatusifu kwamba hatujawahi kukosea. Jamani, mpiga ramli gani atakosea ikiwa mvua anaileta mwenyewe?

Lakini kuagiza theluji ni jambo moja, na kujua itakaaje juu ya ile iliyotangulia ni jambo jingine. Tulikuwa tumetoka kwenye majuma ya anga kavu na baridi kali, theluji ya zamani ikaoza kwa ndani ikawa punje. Juu yake Mkurugenzi akaagiza theluji mpya mfululizo kwa ajili ya Tamasha la Mteremko. Tukawa tumetandika mkeka mzito juu ya dengu, na mkeka wenyewe umeinama kuelekea hotelini.

Ndipo mlima ukaguna.

Ni sauti ya chini sana, mbuu, nikaisikia nyayoni kabla ya masikioni. Ufa mwembamba ukapita mbele ya shimo ukakimbia hadi mbali, mwembamba kama uzi.

"Ombeni," nikanong'ona. "Panda juu taratibu. Usikanyage nilipokanyaga. Na chai yako iache."

*

Bwana Kileo, Mkurugenzi wetu, si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kusimulia. Ni mwembamba, mpole, Mchaga wa kijiji cha Kilema, anavaa tai hata chini ya koti la manyoya, na anajua majina ya watoto wa wafanyakazi wote. Nilipoingia chumba cha zamu nikidondosha theluji sakafuni, alikuwa ameshasimama mbele ya skrini kubwa.

"Kwenye redio umesema unafunga Bega," alisema. "Siku ya kwanza ya tamasha, Aikande!"

"Nimeshalifunga. Muulize Mpiga Ramli sasa, nimemlisha vipimo vya shimo."

Mpiga Ramli alikuwa amegeuka kutoka kijani hadi nyekundu bila hata aibu. Ramani ikajichora. Kwa wakati ule Bega lilikuwa bado kwenye kivuli cha Ukuta, lile genge la mashariki. Tukilipua baruti zilizofukiwa ukingoni wakati theluji ni ngumu, litashuka tabaka la juu tu, litamiminika Korongo la Chanzo na kuishia humo. Lakini jua likivuka Ukuta na kufika Jiwe Jeusi, lile lililo katikati ya mteremko, Bega lote litaachia kwa mpigo. Litaruka korongo, litaishukia Hoteli ya Chini. Na hotelini huwezi kumtoa mtu, kwani njia pekee ni gari la waya, na gari la waya linapita chini ya Bega.

Kileo alijipangusa paji la uso. "Basi tulipue sasa."

"Betri za baruti zimeganda. Zinapashwa moto. Zikiwa tayari, Mpiga Ramli atalipua mwenyewe."

"Na kule korongoni?"

Nikamwonyesha. Kila mtu Kituoni, mgeni na mfanyakazi, anavaa bangili. Inamfungulia milango, inamnunulia supu, na inamwambia Mpiga Ramli yuko wapi. Ikiwepo bangili hata moja kwenye njia ya poromoko, baruti inajifunga haiwaki. Korongo la Chanzo lilionyesha sifuri.

Tangazo lilikuwa limeshatoka, kwenye mabango na kwenye simu za watu mlima mzima: BEGA LIMEFUNGWA. Nilijimiminia kikombe cha uji, nikaketi, nikajisemea moyoni kwamba leo Mungu ametuona. Sikuumaliza uji. Huko chini, mbali, ililia pembe.

Kileo aliisikia pia. Tukatazamana. Mtu asiyezaliwa mlimani angedhani ni king'ora cha gari, lakini sisi wawili tulijua. Pembe ikilia hivyo ni msaragambo, kazi ya pamoja. Kila nyumba inayokunywa maji ya mfongo inatoa mtu mwenye jembe, na hakuna anayeondoka mpaka mwenye pembe aseme. Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia migomba. Zamani chanzo chake kilikuwa msituni. Mawingu yalipoanza kunyanyuliwa huku juu, vijito vya msituni vikakauka, na watu wakawa wanasogeza chanzo juu kila mwaka wakiyafuata maji, mpaka wakafika kwenye theluji yetu. Wakafika Korongo la Chanzo.

Nikaelekeza kamera. Haya, ndio hao! Watu wengi, majembe yanapanda na kushuka, kina mama na vikapu vya udongo, na moshi wa mahali wanapochoma ndizi.

"Wametoka wapi hawa?" Kileo alisema. "Walinzi wako wapi?"

"Umesahau? Bega likifungwa, walinzi wote wanaondolewa kwa usalama wao. Ni kanuni yangu mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mgeni akisoma "Bega limefungwa" anakwenda kunywa chokoleti ya moto. Mtu wa mfongo akisoma maneno hayohayo anaelewa kingine kabisa: leo hakuna wa kutufukuza, twendeni tukazibue maji yetu. Mimi nimezaliwa kule chini, ningepaswa kujua. Nilifunga mteremko kuokoa watu, kumbe ni kama nimewapigia pembe mimi mwenyewe.

Ombeni alishika kipaza sauti. "Tahadhari! Tahadhari! Kuna hatari ya poromoko la theluji. Ondokeni korongoni mara moja!"

Sauti ilishuka mlimani ikarudi kwa mwangwi. Majembe hayakusimama. Mzee mmoja aliigeukia kamera, akainama, akatutikisia makalio.

Na wala sikumlaumu. Tangazo lile lile walinzi walikuwa wakilitumia kuwafukuza kiangazi na masika, hata siku ambazo theluji yote ya Bega isingejaza beseni. Mkizoea kumdanganya mtu kwa neno la kweli, siku ya kweli mtamwambia nini?

"Wameonywa," Kileo alisema taratibu.

"Wameonywa na mwongo, Mkurugenzi!"

"Aikande, nisikilize. Hotelini kuna watoto wa shule waliokuja likizo. Kuna akina mama wa jikoni, wa kwetu kabisa, wa Mamba na Kilema. Nikisimamisha baruti halafu jua likafika Jiwe Jeusi, nitawajibu nini wazazi wao? Unataka nichague. Mimi sichagui. Mpiga Ramli anasema sifuri."

"Wewe una macho. Yeye hana."

Akaigeukia ramani. Kwenye skrini, ukingo wa kivuli ulikuwa umeanza kuteremka kutoka juu ya Bega, na nyuma yake theluji iliyopigwa na jua iling'aa mno.

Nje tu ya mlango wetu, pale mapokezi, pana chungu kikubwa chenye mmea wa masale. Mpambaji fulani alidhani ni ua. Nililivunja jani moja refu, nikalipiga fundo katikati kama nilivyofundishwa utotoni, nikamgeukia Kileo nikiwa nimelishika kwa mikono miwili. Mchaga akikuletea isale amekuja kwa ombi ambalo maneno hayalitoshi. Likishaingia mkononi mwako, huwezi kumkatalia, hata kama amemuua ng'ombe wako. Nilitaka kumwomba asubiri nikawatoe.

Mikono ya Kileo iliingia mfukoni haraka kama imeungua.

"Usinifanyie hivyo," alisema. "Tafadhali, dada. Hapa ni kazini."

"Sawa," nikasema. "Nitampelekea mwenye mikono." Nikachukua mbao zangu za kutelezea.

*

Nimeteleza mlima huu maisha yangu yote ya utu uzima, lakini sikuwahi kuteleza nikiomba Mungu kila ninapokunja goti. Nilipita ukingoni, mbali na ule ufa, jani nimeling'ata kwa meno. Nilipovuka bendera ya mpaka wa korongo, bangili ikalia mlio mmoja mkononi. Papo hapo redio ikafoka.

"Aikande! Bangili yako imefunga baruti. Toka humo!"

"Najua."

"Kuna watoto hotelini!"

"Najua, Mkurugenzi!" nikapiga kelele. "Ndiyo maana nakimbia!"

Niliogopa, sitaficha. Niliyaweka rehani maisha ya watu wa hoteli bila kuwauliza, ili niwaokoe wa kwetu. Kama ningechelewa, ningewaua wote, wa juu na wa chini, na mimi katikati. Nilipogeuka, kivuli kilikuwa kimepungua tena. Jiwe Jeusi bado lilikuwa gizani, lakini mwanga haukuwa mbali.

Mwenye pembe ya mfongo wetu ni shangazi yangu, Ndewasia. Ni mwanamke wa kwanza kuishika pembe ile, na wanaume waliponuna aliwaambia anayetaka kuichukua aje aichukue kiunoni pake. Hakuna aliyekwenda. Nilimkuta amesimama ndani ya maji ya barafu, sketi ameifunga juu ya suruali ya mpira, anamfokea mtu kwa sababu ya jiwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wamekutuma na wewe?" Hakunitazama hata. "Waambie tutamaliza jioni. Mlima wenu na uanguke kesho."

"Shangazi, leo ni kweli. Nimechimba mwenyewe. Theluji yote imekaa juu ya punje. Baruti ziko tayari, zinanisubiri mimi tu nitoke, na jua likifika lile jiwe litaanguka lote, hapa na hotelini."

"Kila tukigusa maji yetu, mlima unaanguka," alisema mzee yule wa makalio, na watu wakacheka. "Ajabu, sisi tukiwa nyumbani hauanguki!"

"Mzee wangu, ningekuwa naongopa ningesimama hapa chini yake?"

Kicheko kilipungua, lakini majembe yaliendelea. Nikaona maneno hayatatosha. Nikalitoa jani mdomoni, nikalipangusa kifuani, nikapiga goti ndani ya maji. Loo, baridi ile! Nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Majembe yakasimama yote.

Shangazi Ndewasia alilitazama lile jani lenye fundo kwa muda mrefu. Kisha akafuta matope mikononi, akalipokea. Alinitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na uso wake haukuwa wa ugomvi tena. Ulikuwa mgumu zaidi.

"Haya. Nimelishika, siwezi kukukatalia, tutaondoka," alisema. "Lakini isale haliji peke yake, na wewe unajua. Poromoko lenu likishuka humu, chanzo hiki kimezikwa. Migomba imeshakunja majani, mahindi hayajabeba. Sisi tunaweka chini maji yetu ili watu wako wa hoteli wapone. Wewe unaweka nini?"

"Nitaleta watu wachimbue…"

"Sitaki koleo lako! Mawingu. Nani anayaandika kila jioni?"

"Mimi."

"Basi yaache yalipo. Mpaka mfongo ujae. Sema."

Ningewezaje kusema? Bila theluji hakuna tamasha, bila tamasha Kituo kinafungwa kabla ya kiangazi. Ombeni ana mapacha. Wale akina mama wa jikoni nao wana migomba yao iliyokunja majani, lakini ada za watoto zinatoka jikoni. Lolote nitakalosema kuna mtu wa kwetu atalia. Mlima ukaguna tena, mbuu, na safari hii watu wote waliusikia. Mama mmoja alimaka, "Yesu na Maria!" Kikapu kikamponyoka.

"Sema, Aikande," shangazi alisema kwa upole. "Mimi sitoki humu kabla hujasema, na wewe hutoki bila mimi."

Redio ilikuwa wazi kifuani pangu. Kileo alikuwa akisikia, na Ombeni, na chumba kizima cha zamu.

"Kuanzia leo jioni nitaandika hakuna theluji," nikasema. "Mpaka mfongo ujae. Nimeweka hicho."

Shangazi akaiinua pembe, akaipuliza mara mbili fupi. Hapo ndipo nilipoona nguvu ya kitu kinachoaminiwa. Kipaza sauti chetu cha mamilioni kilitukanwa, na pembe ya mnyama ikawahamisha watu wote bila swali. Waliacha ndizi motoni, waliacha vikapu, wakapanda njia ya ng'ambo wakiwa wameshikana mikono, vijana wamewabeba wazee mgongoni.

Mwenye pembe hutoka wa mwisho. Nilitaka kumvuta, akanisukuma mkono. Alihesabu watu wake kwa kidole, akaokota jembe lililosahauliwa, Mungu wangu, jembe! Ndipo akapanda. Nilimfuata huku natazama nyuma kila hatua. Mwanga ulikuwa unalilamba Jiwe Jeusi ukingoni.

Tulivuka bendera. Bangili ikalia.

"Tumetoka!" nikapiga kelele. "Lipua! Kileo, mwache alipue!"

Ukingoni mwa Bega kulitokea vumbi jeupe, kisha mlio, pu pu pu pu. Halafu kimya. Kisha tabaka lote la juu likapasuka vipande, likaanza kutembea. Mwanzo lilikwenda kama halina haraka. Lilipofika korongoni lilikuwa linanguruma, upepo wake ukatutupa chini kifudifudi, theluji ikatuingia midomoni na masikioni. Nilimkumbatia shangazi, naye akaikumbatia pembe.

Kulipotulia, hapakuwa na korongo tena. Pale tulipokuwa tumesimama palikuwa na mlima mwingine mdogo, mweupe, mkimya. Huko chini, Hoteli ilikuwa imesimama, na vumbi la theluji likianguka kwenye veranda yake. Watoto walitoka nje na pajama, wakaanza kushangilia wakidhani ni sehemu ya tamasha.

Shangazi Ndewasia alikung'uta theluji kichwani. Alilitazama kaburi la chanzo chake, machozi yakamtoka, hakuyafuta. Lile jani lilikuwa bado kwenye ngumi yake.

"Nimetimiza langu," alisema. "Nenda kazini kwako."

*

Jioni minara ilikuwa ikivuma kama kawaida, ikisubiri kuambiwa la kufanya. Niliketi mezani nikaandika utabiri mfupi kuliko wote niliowahi kuandika. Bega: limefungwa. Theluji mpya: hakuna. Minara: ilale.

Nilipogonga kitufe cha mwisho, mlango ulifunguliwa. Alikuwa Kileo. Tai ilikuwa imelegea, macho mekundu, mikono mfukoni. Alisimama upande wa pili wa meza, akausoma utabiri wangu juu chini.

"Umewaokoa wote," alisema. "Nataka ulisikie kwangu kwanza. Kesho nitalisema mbele ya wafanyakazi wote."

"Asante."

"Lakini hii haiwezekani. Mteremko wa Mashariki uko salama, tamasha linaweza kuhamia kule, linataka sentimita thelathini tu. Thelathini, Aikande! Halafu yaachie mawingu yao."

"Sikuahidi baada ya tamasha."

"Uliahidi ukiwa chini ya mlima unaoanguka! Nani atakushika kwa hilo?" Akavuta pumzi. "Isale ni mambo ya ukoo. Kampuni haina ukoo. Wenye hisa hawajui hata jani lenyewe linafananaje. Wakiona hivi, mimi na wewe hatuna kazi. Ombeni hana kazi. Umemwambia Ombeni?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amenitukana. Kisha akaniuliza mfongo utachukua muda gani kujaa."

Hilo lilimchoma, nikaliona, na mimi lilikuwa linanichoma tangu mchana. Sikuwa na hakika kwamba nafanya haki. Nilikuwa na hakika ya jambo moja tu: watu wale waliacha maji yao na kuondoka kwa neno langu, baada ya miaka ya kudanganywa. Wakidanganywa na hili, siku mlima ukiguna tena nani ataondoka? Hata pembe haitawatoa.

"Mkurugenzi, poromoko jingine litakuja," nikamwambia. "Huko ndiko tunakoelekea, kila tukirundika theluji ya oda juu ya punje. Siku hiyo unataka waamini nini?"

Akasogea kwenye kibao cha kioo, kile cha kiganja chake, kinachofuta utabiri wangu kwa mguso mmoja, mradi minara haijaanza kuutekeleza. Kioo kiliwaka bluu, kikimsubiri.

Nilikuwa nimevunja jani la pili pale mapokezi wakati naingia. Nililitoa kwenye koti, limeshapigwa fundo, nikalilaza juu ya kioo. Halikuwa kubwa, lakini lilikifunika kutoka pembe hadi pembe.

Angeweza kulisukuma kwa kalamu, au kulipuliza tu likaanguka. Wenye hisa wangeshangaa kwa nini mtu mzima mwenye tai anakodolea macho jani. Lakini huyu ni mtu wa Kilema. Anajua lililowekwa mbele yake ni nini, na mimi nilijua kwamba anajua. Bega lake la kulia lilitikisika, kama mkono unataka kutoka mfukoni.

"Mama yangu ana migomba kule chini," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Wiki iliyopita alinipigia simu, akaniuliza mawingu yana ugomvi gani naye."

"Ulimjibu nini?"

Nje, mnara wa kwanza ukaacha kuvuma, kisha wa pili, kisha mmoja baada ya mwingine kuzunguka kilele chote, mpaka nikasikia saa ya ukutani ambayo sikuwahi kujua kwamba ina sauti. Kileo alisikiliza mpaka wa mwisho uliponyamaza. Kisha akageuka, akafungua mlango kwa kiwiko, akatoka, mikono yake ikiwa bado mfukoni.